Aliyebonyeza Dagaa Akapelekwa kwa Mama Kulwa

Jumanne

Tovuti ya Neema wangu imefunguka leo, na dagaa wangu wanampelekea Mama Kulwa wateja.

Mimi niliishia la saba, lakini binti yangu anawatengenezea tovuti wauza samaki. Mkolani nzima sijaona wa kumfikia. Sasa kwa nini nikibonyeza dagaa wangu wanatokea sato wa Mama Kulwa wa Buhongwa?

"Mama, kila anwani lazima niiambie ipokelewe na kontrola ipi, yaani kipande cha programu kinacholeta ukurasa wake," akasema. "Nilinakili mstari wa sato, nikabadilisha anwani, kontrola nikaisahau."

Amerekebisha nikiona, dagaa wakatokea. Haya, nimeelewa. Lakini mama yake ni mimi. Kwa nini sato waliandikwa kwanza?

Nikamuuliza. Akainamia kompyuta akitabasamu. Mama Kulwa ana kijana wake, Kulwa, fundi simu, ambaye wiki hii kaniamkia mara tatu bila kununua hata dagaa mmoja.

"Neema, kuna nini?"

"Walitaka waje wakwambie wenyewe, mama."

Kumbe dagaa wangu wamefika kwa wakwe kabla yangu. Kijana mwenyewe sijamwamini bado, nitamtazama vizuri akiwa anakula. Wanakuja wote Jumamosi.