Wimbo wa Pangoni na Sauti ya Lemayani

Jumanne, 5 Agosti

Maji hayajatoka tena. Nimefungua duka bila kupiga deki. Dawa za minyoo zimefika, za kupe bado. Wafugaji wananinunia kana kwamba mimi ndiye ninayezipika.

Mchana hakukuwa na mteja, nikamalizia kinanda cha wimbo wa jangwani. Nimemtumia Rashidi. Hakuna asante. Kaandika tu, "Lete na wa pangoni." Ndivyo alivyo tangu tukiwa wadogo Korogwe, tunasukumana kwenye kibanda cha gemu cha baba yake. Milio ya zile gemu tuliijua kabla ya kujua kuzidisha na kugawanya. Sasa yeye ana studio pale Korogwe, anarekodi kaswida na matangazo ya maduka. Mimi nauza dawa za mifugo Handeni. Na bado tunahangaika na milio ileile. Tunaipiga upya kwa vyombo vyetu, tunaiweka kwenye albamu, tunaigawa bure mtandaoni kwa watu wenye wazimu kama wetu. Mama anaiita tii-tii-tii.

Albamu hii ya sasa tunaiongoza sisi wawili. Kundi letu la mtandaoni limetukabidhi. Watu wa nchi za mbali wanaleta rimiksi zao, na sisi ndio wa kusema hii iingie, hii irudi. Najivunia. Dukani sina wa kumwambia.

Leo mmoja kaleta wimbo wa msituni. Kaweka ngoma alizookota sijui wapi, katikati simba ananguruma. Simba. Nimeurudisha. Nilijisikia kama nimeshika kitu chenye ute.

Alhamisi, 7 Agosti

Wimbo wa pangoni unatoka kwenye gemu la mchimbaji. Anashuka, anashuka, giza linaongezeka, na chini kabisa kuna mlio mmoja mzito usiokatika. Mimi na Rashidi tulikubaliana zamani kwamba mlio ule ni wa Lemayani.

Lemayani ni mfugaji wa Kang'ata, mteja wangu. Ana sauti ya kifuani, nzito, ukiisikia unahisi kaunta inatetemeka. Aliwahi kutuimbia kwenye albamu iliyopita. Alikuja mwenyewe Korogwe na shuka lake, akaimba nusu siku, akanywa soda, akaondoka.

Lakini baba yake amefariki mwezi uliopita. Nilimpigia kwa aibu.

"Dada, kwa sasa siimbi," alisema. "Nikifungua mdomo inatoka nyingine."

Nikamwambia apumzike, anisamehe kwa kumsumbua. Nimemwarifu Rashidi. Kajibu, "Ataimba tu." Nimemwandikia amwache mtu na msiba wake.

Jumapili, 10 Agosti

Makande. Kufua. Wimbo wa pangoni haukai. Kinanda peke yake kinasikika kama mtu anayesubiri basi.

Jumatano, 13 Agosti

Rashidi kaleta wimbo wa pangoni, na sauti ya Lemayani imo.

Nimeusikiliza nikiwa nimesimama. Kisha nimekaa. Inaanza chini kabisa, inapanda kidogo, inashuka tena, na pale kinanda changu kinaponyamaza, yenyewe inaendelea peke yake. Nimelia dukani. Mteja wa chanjo ya kuku kauliza kama nimefiwa.

Nimemwandikia Rashidi, "Imeniliza. Mshukuru sana kwa niaba yangu." Akajibu kwa kidole gumba.

Nimeongeza kinanda kidogo mwishoni. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Lemayani alikuja kutafuta dawa ya ndama anayeharisha. Nilimpa pole ya baba tena, nikamshukuru kwa wimbo. Akaniangalia.

"Wimbo gani?"

"Uliomwimbia Rashidi."

"Mimi sijaimba, dada. Sijafika Korogwe tangu mwaka jana."

Nikadhani ananitania. Nikampigia wimbo kwenye simu. Akauweka sikioni. Akaomba aurudie. Wateja wawili walikuwa wanasubiri, akawa kama hawaoni.

"Anasema nini huyu?" akaniuliza.

"Si Kimaasai?"

"Hapana. Kuna pahali inataka kuwa neno, halafu inakimbia." Akasikiliza tena. "Ni mimi, lakini nimelewa."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Alichukua dawa ya ndama, akaniuliza atampa kiasi gani, akaondoka. Mimi nikaenda uani kutapika. Kilichotoka ni chai tu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimempigia Rashidi. Hakukana. Alikuwa anacheka.

Kachukua sauti ya Lemayani ya mwaka jana, kailisha kwenye programu ya akili mnemba, programu ikamtengenezea Lemayani mwingine. Asiyefiwa. Asiyekataa. Anasema ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

"Si ulilia mwenyewe?" akaniambia. "Ujumbe wako ninao hapa."

Hilo ndilo linaloninyima kula. Nililia kweli. Nililizwa na kitu kisicho na mdomo. Nimeoga mara mbili na maji yenyewe ya kununua. Mama kauliza nina nini. Nikamwambia tumbo.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefunga duka, nimekwenda Korogwe. Nje ya dirisha la basi, mbele ya Misima, watu wanapura mahindi. Niliwaonea wivu kwa sababu mikono yao ilikuwa na vumbi la kawaida.

Studio ya Rashidi ina zulia jipya na harufu ya udi. Alinikaribisha vizuri. Chai, chapati. Sikugusa. Nikamwambia aufute ule wimbo. Akasema ushakwenda. Kautuma kwa Beatriz, mama wa Brazili anayeratibu kundi letu, na Beatriz kauweka mbele ya wanakundi wote ili wauonje kabla albamu haijatoka.

"Soma wanavyosema," akaniambia, akageuza kioo cha kompyuta.

Nikasoma. Watu wanalia. Mmoja kaandika kwamba na yeye kamzika baba yake mwaka huu, ausikilizapo anamwona. Sikuelewa kwa nini wote wanataja baba. Nikapandisha juu, nikaona maelezo ya wimbo. Rashidi kaandika kwamba sauti ilirekodiwa Kang'ata, pembeni ya moto, jioni ya kumzika baba yake Lemayani. Kwamba mtoto alikuwa anamuaga baba kwa lugha ya mababu. Jina la mzee limetajwa. Chini kuna majina ya walioandaa. La Rashidi. Langu.

Nilimuuliza amelipata wapi jina la mzee.

"Wewe ulinitajia, siku ile ulivyoniambia ana msiba."

Kweli. Nilimtajia ili amwonee huruma.

Nikamwambia ni uchafu. Akasema nakuza mambo, hakuna aliyeumia, hakuna aliyeuza kitu, na watu wamefarijika. "Mzee kapata dua za dunia nzima," akasema. Alikuwa anatafuna chapati wakati anasema. Mafuta yaling'aa kwenye kidevu. Nimemjua maisha yangu yote, na pale nilitamani kuhama meza kama unavyohama ukikalishwa na mtu usiyemjua mwenye kikohozi kibaya.

Nimerudi Handeni sijasema kwaheri.

Jumatano, 20 Agosti

Kinyaa. Kila kitu kinanuka udi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimekwenda Kang'ata kwa bodaboda. Lambo limebaki tope. Ng'ombe wanasimama ndani yake kama wamesahau walichofuata.

Sikutaka Lemayani ayasikie kwa mtu mwingine. Nilimwambia yote, na jina la baba yake, na jina langu lililo chini yake. Alikuwa anachonga fimbo. Aliendelea kuchonga.

"Watu hao wanaamini nilikuwa naimba siku ile?"

"Ndiyo."

"Siku ile sikuweza hata kuongea. Mama alisema na wageni kwa niaba yangu." Akapuliza vumbi la mti. "Mwambie atoe jina la baba. Halafu aje aseme kwa mama."

"Akikataa?"

"Basi asije."

Hakuomba kingine. Nilitarajia anitukane. Nilitaka anitukane.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemwandikia Beatriz ukweli wote, kwa Kiingereza changu cha sekondari. Sikumsubiri Rashidi. Nikampelekea na yeye nakala, pamoja na maneno ya Lemayani, asiseme nimemzunguka.

Amepiga simu mpaka betri yangu imekwisha. Mara naua ndoto. Mara nawapa Wazungu sababu ya kusema Waafrika waongo. Nikamwambia aliyewapa sababu ni nani. Akakata.

Beatriz kajibu jioni. Kauondoa wimbo na maelezo yake, na kawaeleza wanakundi bila kupaka rangi. Yule aliyemzika baba yake mwaka huu kaandika sentensi moja tu: "Sasa nilikuwa namlilia nani?"

Ni swali langu pia.

Jumapili, 24 Agosti

Rashidi kaja. Sikutegemea. Gari la kuazima, sukari, majani ya chai, kanzu iliyopigwa pasi. Tumekwenda wote Kang'ata. Njiani nikaanza kulainika. Nikajiambia, mtu kavaa kanzu kuja kuomba radhi kwa mama asiyemjua, bado ni yuleyule wa kibanda cha gemu.

Mama yake Lemayani ni mfupi, mwenye macho makali. Nilimwamkia kwa lugha yao, takwenya, akaitika iko, akatupa vigoda. Rashidi akasema. Alisema vizuri, lazima nikiri. Alitaja alichofanya kimoja kimoja, Lemayani akamtafsiria mama. Alisema amekosa. Machozi yalimlengalenga.

Mama akaomba kuisikia hiyo sauti. Tulitazamana. Rashidi akamshikia simu sikioni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwanawe, akasema maneno machache.

"Anauliza," Lemayani akatafsiri, "huyu mtu ni mgonjwa?"

Hakuna aliyecheka. Mama akapokea sukari. Akamwambia Rashidi kwa Kiswahili, taratibu, "Nimesikia. Usirudie." Akatuletea maziwa. Rashidi akanywa yote.

Ningeacha kuandika hapa ingekuwa siku njema.

Kwenye gari, tulipolipita boma la mwisho, Rashidi akapumua kwa nguvu. Akaniambia imekwenda vizuri. Kisha akasema, "Unajua, akiimba sasa yeye mwenyewe, baada ya haya yote, wimbo utakuwa mkubwa kuliko mwanzo. Watu washajua kisa. Mwongeleshe wewe, wewe anakuamini. Na yule mama tungemrekodi akiuliza lile swali."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia, huku akipigapiga usukani kwa mkono akihesabu mapigo pale ambapo swali la mama lingeingia.

Nilimwambia asimamishe gari. Nimetembea mpaka barabara kubwa, viatu vimejaa mchanga. Alinifuata polepole kwa mwendo wangu, dirisha wazi, ananiita jina langu la utotoni. Nilimwambia tu, "Rashidi, nenda." Sikumwangalia. Nilihofia kumwona anasikitika vizuri tena.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemwambia Beatriz nitaimalizia albamu, lakini si na Rashidi. Kakubali. Rashidi kaondoa nyimbo zake zote, na ni haki yake. Ule wa jangwani umekwenda na kinanda changu ndani. Auchukue.

Mama kanikuta nimekaa tu. "Tii-tii-tii imekwisha?" akauliza. Nikamwambia nimegombana na Rashidi. Akasema, "Na mama yake nitamwamkiaje sasa?" Sikuwa nimefikiria hilo. Watu wanafahamiana toka hatujazaliwa.

Jumapili, 31 Agosti

Siku nzima kwenye kinanda. Nimeurudia wimbo wa pangoni. Vidole vinatafuta mahali pa kumpisha mtu ambaye hayupo. Nilijaribu kuziba pengo kwa filimbi. Takataka. Nikajaribu ngoma. Takataka. Mwisho nimeliacha tupu. Ukifika chini kabisa kwa mchimbaji, kinanda kinakaa kimya, kisha kinaendelea. Atakayedhani faili limeharibika na adhani.

Sina hasira sana leo. Kinyaa bado kipo, kimetulia mahali chini ya mbavu. Nikimkumbuka Rashidi ananikumbatia siku ya albamu ya kwanza, mwili unasisimka vibaya. Hilo naona litakaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Albamu imetoka. Sijaifungua. Beatriz kaandika pongezi. Rashidi kaniandikia neno moja, "Nimeona." Nimelisoma, sijajibu.

Dawa za kupe zimefika, duka limejaa tangu asubuhi. Lemayani kaja na mdogo wake wa kike kuchukua za boma lao. Ndama aliyekuwa anaharisha kapona. Walinikuta nahangaika na mteja mwingine, wakakaa kwenye benchi. Mdogo wake akalala begani kwake.

Nilikuwa nimewapa mgongo, napanga chupa kwenye rafu, nikasikia sauti ya Lemayani. Chini sana, mdomo umefungwa. Sidhani alijua anafanya hivyo. Ilipanda kidogo, ikakatika, akavuta pumzi, ikarudi. Haikufanana na wimbo wowote ninaoujua.

Simu yangu ilikuwa juu ya kaunta, sikuigusa. Niliendelea kupanga chupa, moja moja, bila kuzigonganisha.