Pesa ya Hospitali Uliyomtolea Mama

Mdogo wangu Mwadime,

Barua hii naiweka kwenye kundi la familia la simu, ulilojitoa miaka mitatu iliyopita. Najua huko hutaiona. Mama amekubali kukutumia, kwa sababu simu yake unaipokea na yangu huipokei, na kwa sababu anasema amechoka kuwa na watoto wawili wasiosemezana.

Unaikumbuka ile wiki uliyokuja Birmingham, huku Uingereza, kutoka Amerika? Mvua ilitufungia ndani ya fleti yangu hapa Ladywood, tukala githeri ya maharagwe na mahindi ya kopo, ukailaumu kana kwamba mimi ndiye niliyeyapanda. Siku hiyo ulinieleza kuhusu akaunti yako ya matibabu. "Hii pesa inatoka kwa mshahara kabla serikali haijaonja, Dada. Nikijitibu nayo, haionji kabisa. Nikiifanyia kitu kingine, inarudi na kijiko kikubwa." Nilicheka. Mimi nikiingia hospitali ya hapa natoka bila kuulizwa pesa, kwa hiyo niliona Waamerika mnapenda tu kujisumbua. Katika maelezo yako yote nilibaki na maneno mawili: pesa, hospitali.

Na hayo yalitosha kwa mtoto wa nyumba ile. Ulipougua homa ya matumbo, ukiwa darasa la tatu, Mama aliuza cherehani yake. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Mnunuzi alipoibeba, Mama alisema tu, "Twende tukanunue dawa." Hakuna aliyeuliza cherehani ilikuwa ya nani. Kwetu kila kilichokuwamo nyumbani kilikuwa cha mgonjwa.

Basi Mama alipoanguka kule Voi akavunjika nyonga, nilikupigia. Ukasema, "Dada, nipe mwezi mmoja, ile akaunti haitoki hivyo." Mimi nikasikia uchoyo. Ulimi wangu unaujua, haungoji kualikwa. Nikarekodi sauti kwenye kundi, mashangazi na binamu wote wakisikiliza: "Mwadime ana pesa ya hospitali imelala benki Amerika, na Mama amelala Voi na mfupa uliovunjika. Mtafutieni jina." Kesho yake uliandika neno moja, "Nimetuma," ukatoka. Mama akafanyiwa operesheni. Nami nikajisifu kwamba nimekuamsha.

Mwezi uliopita binti yangu Wakesho, aliyepata kazi huko kwenu Amerika, alinipigia. Kazini walikuwa wamempa fomu za akaunti kama yako, akakuuliza wewe mjomba wake, ukamweleza kwa upole. Nikamwambia vizuri, itatufaa nyanya yake akiugua tena. Akanikatiza:

"Mum, no. Ni ya Uncle tu, mke wake na the kids. Ile aliyomtumia nyanya, walimkata tax yote, na penalty juu. You didn't know?"

Kisha akaniambia una ngiri. Kwamba unabeba mizigo ghalani ukiwa umejifunga mkanda, na daktari amekungoja tangu mwaka ule, kwa sababu pesa uliyomtolea Mama ndiyo iliyokuwa ya operesheni yako, na unaijaza upya kidogo kidogo.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nililia jikoni, Mwadime. Halafu nikakukasirikia: kwa nini hukusema? Nikajijibu mwenyewe. Ungesemea wapi, nami nilikuwa nimeshakuhukumu mbele ya ukoo mzima? Nilikosea. Ulimpa Mama pesa ya mwili wako, ukalipa na faini kwa kumpa, nami nikakuita bahili. Lile jina nililowaambia wakutafutie, wanipe mimi.

Nami nina akiba yangu hapa, kwenye akaunti ambayo faida yake haikatwi kodi. Hii haiulizi mgonjwa ni nani. Nimetoa. Nusu nimemtumia Wakesho akuletee, na usimrudishe nayo, atakuwa amesafiri mbali. Iliyobaki ni nauli yangu. Kazini nimeomba likizo bila kuandika tarehe, na meneja wangu bado anadhani nimesahau.

Nakuomba radhi, lakini hulazimiki kunisamehe. Niambie tu siku utakayolazwa, nije nikupikie uji, hata kama utaunywa ukiwa umenipa mgongo.

Ni mimi,
Dada yako