Uzito wa Bua la Mahindi

Jumatatu, 4 Machi
Nimesahihisha mitihani ya wanachuo hadi shingo imekakamaa. Mwaka wa pili, shahada ya ualimu. Usanisinuru: fomula wameandika wote, bila kosa. Halafu swali la utafiti wangu wa jinsi wanavyoelewa mada, lile dogo la mwisho: mahindi yanapokua, uzito wa bua unatoka wapi hasa? Karibu wote: kwenye udongo. Kumbe sehemu kubwa ni hewa na maji. Nimefundisha mada hii miaka tisa. Aibu yangu, si yao.

Jumatano, 6 Machi
Mahojiano ya utafiti. Magdalena, binti wa wakulima wa Masakta, asiyefungua mdomo darasani. Akaniamkia shikamoo. Nikarudia swali la bua.
"Madam, unataka jibu la mtihani au ninavyoamini?"
"Unavyoamini."
"Udongo. Shamba la baba linachoka kila mwaka. Kama mahindi hayaili ardhi, nguvu yake inakwenda wapi?"
Nimeliandika swali lake daftarini. Nimempenda kwa hilo.

Ijumaa, 8 Machi
Mzee Safari, mkuu wa idara, ameniita. Anasema darasa langu lina kelele, mada zimebaki nyuma. Jumatatu atakuja kukaa nyuma na kuangalia. Asiporidhika, narudi kuwaandikisha notsi na utafiti unaishia hapo. Hasira. Na woga pia, niseme ukweli.

Jumatatu, 11 Machi
Makundi ya wanne wanne. Mabua makavu, mizani, bati, kiberiti. Tumeyachoma nje ya maabara. Rundo zima limebaki majivu ya kujaza kikombe.
"Majivu ndiyo yaliyotoka kwenye udongo," nikasema. "Mengine yote yalikuwa nini?"
Mzee Safari amekunja mikono.
Magdalena: "Hewa?"
Wakaanza kubishana wote kwa pamoja. Hewa haina uzito. Ina uzito! Sikuingilia. Kisha yeye tena, taratibu: "Basi baba hajakosea sana. Haya majivu ndiyo tunayoyatoa shambani kila mavuno."
Hilo sikulipanga. Nusura nilie.
Mzee Safari alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, hata mimi ningeandika udongo." Akaondoka. Mchana ujumbe wake ukaingia kwenye simu: endelea na utafiti, ila mada zimalizike.

Alhamisi, 14 Machi
Swali jingine, mara hii la uzito wa mti. Wengi wamepata. Wachache bado wanang'ang'ania udongo. Nimeandika majibu yote, hata yasiyonipendeza. Nimeridhika.

Jumamosi, 16 Machi
Mvua ya asubuhi. Mama amefika kwa basi kutoka Katesh, analalamikia baridi ya huku kwetu Mbulu. Nimesonga ugali, tumekula polepole. Akauliza kazi inaendaje. Inaenda vizuri, nikamjibu. Hakuuliza zaidi. Tumechambua maharage pamoja mpaka jua likatoka.