Mume Wangu Huniangusha Mimi Tu Kwenye Kona ya Kokoto

Mpendwa Shangazi,

Nakuomba unisikilize kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi ndiyo anakuja mtu kununua pikipiki ya mume wangu, na tangu nilipolisikia hilo situlii, nikikaa kwenye cherehani nasimama, nikisimama naenda mlangoni, nikifika mlangoni sijui nilifuata nini, jana nimeshona mkono wa kulia wa gauni la mteja kwenye bega la kushoto, nikafumua, nikarudia kosa lile lile, mwenzangu tunayepanga naye chumba cha kazi akaniuliza, "Wewe leo umeingiwa na nini?" nikamwambia kichwa kinauma, kumbe kinachouma si kichwa.

Mimi ni fundi nguo, wananiita Mama Pindo kwa sababu kupunguza nguo za watu ndiko kunakonilisha, na mume wangu anabeba abiria kwa pikipiki, na kijiweni kwao wanamwita Taratibu. Usicheke Shangazi, jina hilo amepewa na abiria wenyewe, kuna mwalimu mmoja wa kike anampeleka shuleni kila asubuhi, alikuja kwangu kupunguziwa sketi akasema, "Kwa mumeo mtu unaweza kusinzia huko nyuma, ukishtuka umefika," nami nikacheka na pini zangu mdomoni, lakini moyo uliniungua, kwa sababu huyo anayesinziwa nyuma ndiye huyo huyo aliyenibwaga mimi chini na kunichuna kiwiko mpaka nikaona weupe wa mfupa.

Njia yetu ya kwenda mjini inashuka kupita machimbo, na pale chini kuna kona ambayo malori yakiikata yanamwaga kokoto kidogo kidogo, hakuna anayezifagia, na mvua ikinyesha linashuka tope jembamba linazifunika usizione, na mwalimu anapitishwa hapo hapo, wauza nyanya wanapitishwa hapo hapo na matenga yao, hakuna aliyewahi kuanguka, ila mimi. Mara ya kwanza gurudumu la nyuma lilitupwa pembeni, akaliokoa, nikamwambia bahati. Mara ya pili hakukuwa na kuokoa, tulikwenda chini mimi na yeye na mfuko wa nguo za wateja, yeye goti, mimi kiwiko, na gauni la bibi harusi likafuta tope lote la ile kona.

Na si kwamba simsaidii, Shangazi, mimi nikiwa nyuma silali. Akiinamisha pikipiki kushoto mimi naegemea kulia ili kuisawazisha, kama unavyofanya ukibeba ndoo ya maji mkono mmoja, na tena tuna ishara yetu tangu uchumba, siku ya kwanza kunipakia, kwenye lami, niliogopa mpaka nikalia, akaniapia mbele ya dada yake, "Ukiogopa nifinye ubavuni, sitakuuliza kwa nini, nitashika breki papo hapo," na hilo siwezi kumnyima, mpaka leo nikimfinya anashika breki papo hapo, hajawahi kunivunjia ahadi hiyo. Sasa pale konani nikiziona kokoto nafinya kwa nguvu zangu zote, naye anashika, lakini pikipiki inateleza tu! Sasa kama hata breki hazisaidii, si ina maana anaingia kwa kasi kwa makusudi?

Hayo si maneno yangu, ni ya mama yangu. Alikuja kuniona na kile kiwiko kimefungwa, akakaa kitandani kwangu, akasema, "Mwanamume asiyewaangusha wa nje akamwangusha wa ndani, hiyo si bahati mbaya. Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako." Kaka yangu mkubwa naye akaja, akamweka mume wangu kwenye kiti mbele ya mama kama mshtakiwa, akamwambia pikipiki iuzwe, yeye atamtafutia kazi ya ulinzi kwenye ghala anakofanya kazi, la sivyo mimi nirudi nyumbani. Mume wangu alinitazama, nami nikatazama kiwiko changu. Akasema, "Sawa shemeji. Nitauza." Basi, hakujitetea hata kwa neno moja.

Ningefurahi, si ndiyo nilichotaka? Lakini tangu siku hiyo anaifuta pikipiki ile kila asubuhi kama anaiaga, nikimuuliza, "Kwa nini wengine hawaanguki?" anasema, "Wengine ni wengine," anainama anaendelea kupaka mnyororo oili. Juzi nikamshika mkono nikamwambia, "Sema basi, unanichukia?" akasema, "Nikuchukie kwa lipi? Acha niuze tu, tuishi kwa amani." Amani gani hiyo, Shangazi, mtu akirudi ndani anageukia ukutani? Nashindwa kula, nashindwa kushona. Nimwache auze akakae getini na rungu, kazi ambayo najua itammaliza, au nimzuie halafu siku moja aniue pale konani, au nirudi kwa mama nijue moja? Nijibu upesi, nakuomba, maana hata barua hii nimeiandika nikiwa nimesimama.

Mama Pindo

*

Mama Pindo,

Kaa chini. Vuta kiti, kaa, ndipo usome.

Pole kwa kiwiko. Pole pia kwa huko kuungua moyo, maana hakuna kinachouma kama kusikia mumeo anasifiwa na mwanamke mwingine kwa jambo ambalo wewe hujalipata. Hilo nalielewa. Sasa pole zimekwisha.

Barua yako niliianza nikiwa nimemkunjia mumeo uso. Nikasema huyu naye ni wale wale, mstaarabu barabarani, chui nyumbani. Kisha nikafika kwenye kufinya. Nikarudi nyuma, nikasoma tena, nikaiweka barua mezani nikasema, "Yaani mama huyu ameliandika jibu kwa mkono wake mwenyewe na akalipita!"

Nilizunguka kwa pikipiki miaka mingi nikichanja mifugo ya watu, mpaka magoti yaliponigomea, kwa hiyo kokoto nazijua na makovu yake ninayo. Nikueleze kinachotokea pale chini ya machimbo. Pikipiki ikiwa imelala kwenye kona, inashika ardhi kwa kipande kidogo tu cha tairi. Kokoto zikiwa chini yake, kipande hicho hakijakalia ardhi, kimekalia vitu vinavyobingirika. Hapo pikipiki inaomba kitu kimoja tu, isisumbuliwe. Ukikamata breki wakati huo, hasa ya mbele, gurudumu linasimama ila pikipiki haisimami. Inaondoka chini yenu, na nyie mnaifuata.

Sasa niambie, mwalimu humfinya mumeo ubavuni? Muuza nyanya humfinya? (Na kama wanamfinya, niandikie barua nyingine, hilo ni jambo jingine kabisa.) Hawamfinyi. Wanakaa wametulia, wengine wanasinzia, naye anaipita kona kwa njia yake anayoijua, ndiyo maana wanamwita Taratibu. Wewe peke yako ndiye unayesubiri mpaka afike katikati ya kokoto, pikipiki imelala, halafu unamwamuru ashike breki. Naye anatii, kwa sababu alikuapia. Juu ya hapo unaegemea upande wa pili, kwa hiyo inambidi ailaze pikipiki zaidi ili ikate kona ile ile. Mama, ile si ndoo. Ndoo haikati kona.

Mama yako amesema kikulacho ki nguoni mwako. Amesema kweli, ila amepekua nguo isiyo yenyewe.

Najua hapo umeshasimama tena. Kaa. Sisemi kosa lote ni lako. Malori yanayomwaga mzigo yana lao, na walioiacha kona ile bila kufagiwa wana lao. Na mumeo ana lake kubwa, nalo namwambia yeye mwenyewe, maana najua utamsomea.

Wewe Taratibu, wewe! Anayeendesha kila siku anajua mkono wake ulikamata breki lini na kwa nini. Ulijua tangu gurudumu la nyuma lilipotupwa ile mara ya kwanza. Ungemwambia siku ile ile, kwa upole, "Mke wangu, pale usinifinye," leo kiwiko chake kizima na goti lako zima. Ukanyamaza. Ukaona kumwambia ni kumlaumu, na mwanamume mzuri halaumu. Kunyamaza kwako kungemvunja shingo! Ahadi uliyoitoa kwenye barabara ya lami hukupaswa kuitekeleza juu ya kokoto. Ungeirekebisha, hakuna ambaye angekucheka. Na ile siku ya kikao, umekaa kama kondoo, mke anaambiwa mumewe anataka kumuua, na wewe unajibu "Sawa shemeji." Sawa ya nini?

Haya, sikilizeni wote wawili.

Mnunuzi aambiwe asubiri. Asifukuzwe, aambiwe tu kuna jambo linaangaliwa kwanza, maana mimi sijaiona pikipiki hiyo. Kabla ya kuniamini, tazameni matairi. Kama vifundo vya tairi vimelika mpaka pamekuwa laini, au limejazwa upepo likawa gumu kama jiwe, hata malaika akikaa nyuma mtateleza. Breki nazo ziangaliwe na fundi.

Matairi yakiwa mazima, nendeni pale konani asubuhi kukiwa kweupe, malori hayajaanza. Wewe Mama Pindo shuka, simama pembeni juu ya majani, mtazame akipita peke yake. Utaona kwamba kazi yote ya kupunguza mwendo anaimaliza kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima: anashusha gia, anabana breki zote mbili polepole, anaziachia, ndipo anaingia. Ndani ya kona hagusi kitu. Mkono wa mafuta anaufungua kidogo tu na haubadilishi, mikono imelegea, miguu iko juu ya vikanyagio na haiburuzwi chini kutafuta ardhi. Macho yake hayako kwenye kokoto, yako kule anakotaka kutokea. Ukizikodolea kokoto macho, ndiko utakakokwenda. Na akiona chini panang'aa, iwe ni tope au dizeli iliyomwagika, mwendo unapungua zaidi, na zaidi tena ukiwapo wewe, kwa sababu pikipiki yenye watu wawili ni nzito kuisimamisha. Hilo Taratibu analijua, namkumbusha tu.

Kisha panda. Msogelee, mshike kiunoni kwa viganja vilivyofunguka, vidole vilale. Anapokata kushoto, tazama juu ya bega lake la kushoto, basi. Usimtangulie kuinama na usimpinge, nenda anakokwenda yeye. Mara ya kwanza utahisi unaanguka. Huanguki.

Ishara yenu sitaki muitupe, imetoka mbali. Ihamisheni tu. Ukiogopa, mgonge begani mkiwa bado juu kwenye njia iliyonyooka, apunguze huko ambako kupunguza kunawezekana. Ukichelewa mkaingia konani, umechelewa. Meza mate, tulia, mtoke, umgombeze mbele. Kugombeza mbele ya safari hakujawahi kuangusha mtu. Na mvua ikiwa imenyesha na moyo wako umekataa kabisa, shuka uvuke kona kwa miguu umkute ng'ambo. Hakuna aibu. Nimeshuka mara nyingi mimi, tena na sanduku la dawa kichwani.

Baada ya hapo, kama bado unataka pikipiki iuzwe, iuzeni, lakini muiuze kwa sababu mmekubaliana, si kwa sababu ya kiwiko. Kazi ya ulinzi ni kazi ya heshima kwa aliyeichagua. Kumpa mtu kazi hiyo kama adhabu ya kosa asilolitenda ni dhuluma, na dhuluma hiyo itakaa nanyi mezani kila mkila.

Linabaki moja, nalo ndilo gumu. Umeniuliza kama mumeo anakuchukia. Mama Pindo, mtu huyu alikaa mbele ya mama yako na kaka yako, akaitwa muuaji ndani ya nyumba yake, na neno la kujiokoa alikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa sentensi moja tu. Lakini ingebidi akunyooshee kidole wewe, mbele ya watu wako, ukiwa na bandeji. Akaona heri auze.

Kwa hiyo mwite mama, mwite na kaka, wakae pale pale walipokaa, na mumeo akae nanyi. Wewe ndiye utakayesema: "Aliyekuwa anashikisha breki ni mimi." Itakuuma, na utatamani kunyamaza. Sema hivyo hivyo, maana mumeo alikuwa anauza kazi yake ili wewe usije ukalazimika kusema.

Shangazi