Ile "Acha!" Yako, Shangazi

Duka la Mapazia, chumba cha nyuma
Jumapili jioni, tarehe 9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, au baridi ya huko bado inayasumbua? Sisi wazima, ila mimi natamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku hizi kuna sheria: mfanyabiashara haruhusiwi kumtumia mtu matangazo bila ridhaa yake, na mtu akijibu ACHA, mtambo wa kutuma ujumbe wa simu unamfuta hapo hapo kwenye orodha. Ukikaidi, faini. Nami nilizoea kuwaamsha watu kila asubuhi na "Mapazia mapya yameingia!" Basi wakaniandikia ACHA, wengine kama wananifokea. Mauzo yakadorora hadi nikampunguza fundi mmoja. Nilikuwa kero, sikatai.

Sasa sikia. Habari za ukoo nazo nilizipitisha kwenye mtambo huohuo wa duka, uvivu tu. Nilipotangaza, kabla mauzo hayajadorora, kwamba nafungua duka la pili, ulijibu kwa furaha: "Acha! Duka la pili?"

Mtambo haujui furaha. Ukakufuta.

Binti yangu alipojifungua, nikatangaza. Jamaa wote wakapongeza, wewe kimya. Badala ya kukupigia simu, nikanuna. Nikasema mbele ya ukoo mzima kwamba ughaibuni kumekuvimbisha kichwa. Wewe, uliyenifundisha kushika sindano! Mama aliinuka akaenda zake jikoni.

Juzi fundi wa mtambo alikuja, nikamlalamikia habari zako. Akabonyezabonyeza, akacheka. "Mama, huyu alisema acha. Sheria hairuhusu kumtumia tena."

Jamani, aibu! Nilitaka kujifunika mapazia yangu mwenyewe. Jana niliwaita walewale walionisikia nikikusengenya, nikawaeleza ukweli na kuwaomba radhi. Kukupigia wewe nimeshindwa, ningelia tu.

Mtoto ni msichana. Amepewa jina lako, na hapa nyumbani tunamwita Shangazi Mdogo. Binti yangu alilichagua siku ileile niliyokuwa nakusema vibaya, wala hakubishana nami.

Mama anasema wifi yake asikonde, yeye hakuniamini hata kidogo. Msalimie sana mume wako. Mungu akulinde, na akulainishe moyo kwa ajili yangu.

Nijibu, hata kwa matusi. Na kama habari ya mtoto imekufurahisha, iandike tu ile "Acha!" yako. Safari hii nitaisoma mwenyewe.

Wako mwenye aibu, na anayekupenda vilevile,
Mwanao wa mapazia