Mama Mkwe Anajifunika Shuka Mbili Nikiingia

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba nimeona moyo wa panzi ukidunda. Naomba msaada, maana tangu siku hiyo sina raha nyumbani, kazi yangu ni kulisha panzi kwenye maabara na kuwanatisha kwenye kijiti mbele ya mashine ya eksirei, panzi anazungushwa huku akipigwa maelfu ya picha kufumba na kufumbua, kompyuta inaziunganisha, basi unamwona yu hai, kila upande, mpaka hewa ikipita mwilini, nami kwa kiherehere changu nikaionyesha filamu nyumbani, mama mkwe, aliyekuja kumsaidia mke wangu baada ya kujifungua, akauliza kama na macho yangu yameshazoea kuona ndani ya watu, nikamtania kwamba chai yake ya asubuhi bado naiona, toka hapo nikiingia anajifunika shuka mbili, na mke wangu nikinyoosha mikono kumpokea mtoto ananiambia, "Baba nanii, mwache kwanza," mtoto ameshaanza kutabasamu na mimi sijampakata hata mara moja, naona wanaamini mionzi imeniganda, na siku hizi hata mimi naanza kuamini, je, niache kazi?

Baba wa Kutazama

Baba wa Kutazama,

Pole, ila mengine umejitakia. Nani alikutuma umtanie mkwe, tena kuhusu tumbo lake? Umri wote huo hujui mipaka?

Sasa pumua. Mionzi ya eksirei ni kama mwanga wa taa: mashine ikizimwa, imekwisha. Hainati kwenye shati wala machoni. Tena mwenyewe unajua mashine ikiwaka wewe uko nyuma ya ukuta mzito. Anayemulikwa ni panzi. Kazi usiache, mtoto hashibi tabasamu.

Leo hii mwombe mama mkwe radhi. Mwambie wazi kwamba huoni hata kilicho nyuma ya pazia. Maabara wakikaribisha wageni, mpeleke ajionee mashine, na ukifika huko nyamaza, waache wenzako ndio wamweleze.

Nilipiga ile namba ya simu uliyoniachia, akapokea mkeo. Nilipomuuliza kuhusu mionzi alicheka mpaka mtoto akaamka. Hiyo habari, alisema, ni ya mama yake, yeye hana hofu nayo hata kidogo.

"Mwambie aoge kabla ya kumshika," alisema. "Ananuka panzi."