Chupa za Maji Juu ya Bati

Jumanne, 18 Februari. Msambweni.

Kumekucha bila wingu hata moja. Kabla sijamaliza chai, ukuta wa nyuma wa maabara ulikuwa umeshapata moto, na feni yetu ilikuwa inazungusha joto lile lile la jana. Niliamka na moyo mwepesi. Naliandika hilo mwanzo kwa sababu halikudumu.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: nafanya kazi katika maabara ndogo ya maji. Nilimaliza kidato cha nne Kinango, mengine nimefundishwa kazini. Mwezi huu tuna swali moja tu. Upande wa Diani, nyuma ya nyumba moja ya wageni, kuna shimo la maji taka. Ng'ambo ya ukuta, kwenye mtaa wa wenyeji, kuna kisima. Watoto wa mtaa huo wamekuwa wakiharisha. Je, maji ya shimo yanafika kisimani?

Kwa macho huwezi kujua. Ardhi ya huku ni mwamba wa matumbawe, una matundu kama mkate, na maji hupita yanakotaka. Kwa hiyo mwenzangu alimimina rangi shimoni, fluoresini, ambayo haimdhuru mtu. Mimi siku hiyo sikuisogelea. Anayemimina rangi hachoti sampuli. Chembe moja kwenye ukucha inatosha kuharibu kazi ya mwezi.

Kazi yangu ni kuitafuta ikiwa imeshachanganyika na maji mengi hata haionekani. Natia maji kwenye kijichupa cha kioo cha pembe nne. Nakishika ukingoni juu, maana pande zake zote ni madirisha. Mashine inapiga mwanga wa buluu upande mmoja, na kama rangi imo, inaumeza huo mwanga na kuurudisha ukiwa kijani. Jicho la mashine linatazama kutoka ubavuni, ili lione kijani kinachotoka kwenye maji, si buluu inayopita. Kwenye skrini kunainuka kilima. Kilima kikubwa, rangi nyingi. Ili kujua ni nyingi kiasi gani, kwanza napima maji niliyoyatia rangi mwenyewe kwa viwango ninavyovijua, nikianza na hafifu kwenda nzito, nachora mstari, halafu maji ya kisima nayasoma juu ya mstari huo. Maji tuliyoyachota kabla rangi haijamiminwa ndiyo sifuri yetu.

Napenda kazi hii kwa sababu haibembelezi mtu.

Kisima ni cha Bi Mwanakombo. Marehemu mumewe, Mzee Hamisi, alikichimba karibu na mwisho wa uhai wake kiwe sadaka ya jariya, ile ambayo thawabu zake humfuata mtu kaburini maadamu watu wanaendelea kunufaika. Mtaa mzima huchota bure. Bi Mwanakombo ndiye tuliyemwachia chupa, achote asubuhi na jioni, nami nipite kuzichukua. Chupa zetu za kioo cheusi hazikutosha, tukampa za plastiki nyeupe tulizozifunga kwa karatasi ya fedha, ile ya kufunikia chakula.

Jana nilipima zake zote nilizokuwa nimeshazichukua. Hakuna kilima. Mstari mlalo, chupa baada ya chupa.

"Zero ni zero, Mbeyu," alisema Mhandisi Kilonzo, bosi wangu. "Andika ripoti, tuendelee na mambo mengine."

Nikaiandika nusu. Nusu nyingine nilisema nitaimalizia leo, nikishachukua chupa za mwisho na kumpa Bi Mwanakombo habari njema kwa mdomo wangu.

Ndiyo maana ya moyo mwepesi.

Nilimkuta uani anachambua mchicha. Jirani yake, Mama Zuhura, alikuwa kisimani anajaza madumu. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikaulizwa hali ya mama yangu, nikaanza kufungua mdomo. Hapo nikainua macho. Juu ya bati la jiko, zimelazwa kwa mpangilio kama samaki wa kukausha, kulikuwa na chupa zetu. Uchi. Zinameremeta.

"Bibi, chupa zinafanya nini huko juu?"

"Zinapata jua."

"Na karatasi zake?"

"Jua litapitaje kwenye karatasi?" Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini watu huvua viatu mlangoni. "Si nyie wenyewe watu wa afya mlitufunza? Maji uyatie kwenye chupa nyeupe, uyaanike juani, vijidudu vife. Mie siku zote huanika, kisha nazifunga tena kabla hujaja."

"Hayo ni ya kunywa, bibi. Haya ni ya kupimwa."

"Ndiyo hasa! Nimpelekee mtu wa serikali maji mabichi? Aibu hiyo nitaiweka wapi?"

Mama Zuhura alicheka hata dumu likafurika. "Mwulize hizo karatasi ziko wapi! Kafunikia biriani ya hitima, wee!"

"Nyamaza. Ulikula sahani mbili."

"Tatu, bibi. Tusidhulumiane."

Nami nilicheka. Halafu Bi Mwanakombo akapunguza sauti, mikono bado kwenye mchicha. "Na sitakuficha, mwanangu. Nilitaka kisima cha mzee kitoke na jina zuri."

Fluoresini hufa juani. Hilo nalijua, ndiyo sababu ya karatasi. Nilipomkabidhi chupa nilimwambia asizifungue karatasi. Sikumwambia kwa nini. Nilidhani agizo linatosha, na kwa mtu aliyefunzwa kuanika maji kwa ajili ya afya ya wajukuu, halikutosha. Hakuvunja agizo kwa ubishi. Aliona agizo letu jipya linapingana na somo letu la zamani, akafuata lile lililokuwa na maelezo.

"Kwani huko kumetoka nini?" akauliza.

"Bado, bibi."

Jana jibu lilikuwepo. Leo pale uani likawa halipo tena, kwa hiyo sidhani nilidanganya.

Nilichota mwenyewe, nikafunga chupa kwa karatasi mpya, nikaitia kwenye sanduku la barafu, nikarudi Msambweni. Kabla ya kupima kisima nilipima wasiwasi wangu. Nilichukua maji yenye rangi ya kiwango ninachokijua, nikayagawa mara mbili: nusu kabatini, nusu kwenye chupa nyeupe juu ya ukuta wa nje. Baada ya chakula cha mchana ya kabatini yalikuwa vile vile. Ya ukutani, kilima chake kilikuwa kimeshuka, tena waziwazi. Huo ni mchana mmoja tu, na si mzima. Chupa za Bi Mwanakombo zilikuwa zikikaa juu ya bati hadi nikaribie kupita.

Kisha maji mapya ya kisima.

Kilima kiliinuka pale pale kinapopaswa kuinuka, kwenye kijani. Kidogo, chembamba, safi. Nikakisoma kwenye mstari: kama mikrogramu mbili kwenye lita. Ukitia maji hayo kwenye glasi nyeupe na kuyaweka dirishani, utaapa ni maji matamu.

Kilonzo alikuja akasimama nyuma yangu. "Rudia."

Nikarudia, kijichupa kingine, maji mengine kutoka chupa ile ile. Kikarudi kile kile.

"Basi ni hiyo," akasema. "Hao wa nyumba ya wageni watahamisha shimo, wapende wasipende. Na kisima kifungwe. Nitapiga simu sasa hivi."

Nikamwomba anipe mchana huu nimwambie Bi Mwanakombo kwa mdomo wangu, kabla hajapigiwa na mtu asiyemjua. Akatazama saa. "Sawa. Lakini leo, Mbeyu. Usinipeleke kesho."

Njiani, nyuma ya pikipiki, niliwaza nyumbani. Kinango kuna miezi ambayo mama yangu huamka gizani kufuata maji, na akirudi na ndoo mbili watu humpongeza. Nimekua nikiamini kwamba mtu anayefunga kisima ana lake jambo. Leo mtu huyo ni mimi.

Nilimweleza uani pale pale. Nilimweleza taratibu: mwanga wa buluu, kijani, kwa nini jua liliua rangi lakini halikuziba njia ya chini kwa chini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ni kiasi kidogo sana, bibi. Hukioni wala hukionji."

"Kidogo cha shimo la choo?"

"Ndiyo. Rangi yenyewe haina neno. Lakini ilikopita rangi, ndiko yanakopita na mengine."

Akafuta mikono kwenye leso. Akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu Msambweni. "Sasa thawabu za mzee zimekatika?"

Mimi ni Mkristo, wala hata ningekuwa Mwislamu nisingejua. Nikamwambia amwulize ustadhi.

"Ustadhi nitamwuliza. Nimekuuliza wewe uliyepima."

"Mashine yangu haipimi hilo, bibi."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akaenda kisimani, akafungua fundo la kamba kwenye nguzo, akaivuta ndoo juu, akaimwaga, akaiingiza ndani ya nyumba. Sikumwambia afanye hivyo. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumsihi, na sikuyatumia hata moja.

Mama Zuhura alitokea na madumu yake ya jioni. "Ndoo iko wapi?"

"Kisima kimefungwa."

"Umeanza kuuza maji, Bi Mwanakombo? Mzee angekuona!"

"Zuhura aliharisha wiki iliyopita au hakuharisha?"

"Watoto wote huharisha. Ndiyo uninyime maji, na Ramadhani iko mlangoni?"

"Nakunyima," alisema. "Nenda bomba la msikitini. Ukirudi, pita uchukue mchicha."

Mama Zuhura alinigeukia mimi, akitafuta mtu wa kumlaumu asiye jirani yake. Nilisimama nikabeba lawama hiyo, kwa sababu palikuwa na haki kidogo ndani yake. Halafu akatupa madumu begani na kwenda zake akisonya.

Nilirudi ofisini nikaifuta ile nusu ya ripoti. Nikaandika upya yote: chupa zilizoanikwa hazihesabiwi, na sababu ni maelekezo yetu yasiyotosha, si kosa la mchotaji. Kilonzo alisoma sentensi hiyo mara mbili. Nilidhani ataikata. Hakuikata. Kuanzia sasa nikimwachia mtu chupa, nitakaa chini nimweleze jua linafanya nini kwa rangi, hata kama chai itapoa. Hilo naliweka hapa ili nisijidai nilisahau.

Baada ya magharibi simu iliita. Bi Mwanakombo. Alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha kisima tangu nilipoondoka, akirudisha watu mmoja mmoja, wengine wakimtania, wengine wakimsema. Sauti ilikuwa imekauka.

"Ustadhi umemwuliza, bibi?"

"Bado. Nitamwulizaje, na mie siwezi kutoka hapa?" Akakohoa, akacheka kidogo. "Mzee alitaka watu wapate heri kwenye kisima hiki. Leo heri yao ni kunyimwa. Basi nawanyima kwa niaba yake."

Nikamwambia kesho asubuhi naja na kufuli, na nitakaa badala yake apate kwenda msikitini. Akasema nije mapema, wachotaji wa alfajiri ndio wabishi.

Nilizima taa saa nne. Sasa ni saa saba na nusu, na usingizi bado haujanipata.